Shoti ya mlango wa gari: chaji iko kwako, chuma kinaipa njia tu

Kiangazi kikishakolea Arusha, Septemba kwenda Oktoba, vuli ikiwa bado haijapiga hodi, malalamiko ya shoti huwa mengi. Abiria anashuka kwenye Noah, anagusa ukingo wa mlango, kidole kinaruka. Mwingine anavua sweta la mtumba na nywele zote zinasimama. Mtoto anavuta blanketi la nailoni gizani na kuona cheche ndogo za bluu. Kwa shoti ya gari, wengi wana jibu tayari: waya umechubuka mahali, betri inavuja, mlango "una umeme". Gari linapelekwa kwa fundi, fundi anapima na kukagua, hakuti kitu.

Hakuti kitu kwa sababu kilichomrusha abiria hakikutoka kwenye gari. Abiria mwenyewe ndiye aliyekuwa amejaa chaji, akaibeba hadi mlangoni, na bati la mlango likaipa mahali pa kwenda. Likalaumiwa bati.

Nataka tulifungue fundo hili taratibu, maana limefungwa kwa nyuzi mbili ambazo shuleni tulifundishwa kila moja kwenye sura yake: umeme tuli na umeme wa mkondo. Naona mgawanyo huo umewapotosha wengi, wakamaliza masomo wakiamini kuna umeme wa aina mbili. Elektroni zinazokurusha kidole ni zile zile zinazochemsha maji kwenye birika. Kinachobadilika ni njia: kama zimenaswa mahali zikirundikana, au kama zimepata pa kupita.

Tuanzie zinakotoka. Kiti cha gari, suruali yako, mkono wako, vyote vimejengwa kwa atomi. Katikati ya atomi kuna kiini chenye protoni, zenye chaji chanya, na nje ya kiini kuna elektroni, zenye chaji hasi. Majina haya ya chanya na hasi ni ya Benjamin Franklin, aliyeyatumia miaka ya 1740, wakati hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinaitwa elektroni. Hiyo ilikuja kubainishwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Kwa kawaida chaji za pande zote mbili zinalingana, na ndiyo sababu meza haikuvuti wala kikombe hakikusukumi. Protoni zimekazwa ndani ya kiini, hazitoki kwa kusuguliwa. Elektroni za nje kabisa ndizo zenye kuhama.

Vitu viwili tofauti vikigusana kisha vikaachana, kimoja huondoka na elektroni za ziada na kingine hubaki na pengo. Si lazima kusugua. Kugusana na kuachana kunatosha, ila kusugua huongeza sehemu zinazokutana, hivyo chaji inakuwa nyingi zaidi. Mwanafunzi anayepitisha kalamu ya biki kwenye nywele kavu kisha akaokota nayo vipande vya karatasi anafanya jaribio lile lile walilofanya Wagiriki wa kale kwa kaharabu na manyoya. Na ajabu ni kwamba jambo hili la kale kuliko yote katika elimu ya umeme bado halijafungwa. Metali mbili zikigusana, maelezo yako sawa: ni elektroni zinazohama. Zikigusana plastiki, sufu na ngozi, watafiti wengine wanaonyesha elektroni, wengine ayoni (atomi zenye chaji) zilizo kwenye unyevu wa juu ya kitu, na wengine wameonyesha kwamba chembe ndogo mno za kitu chenyewe hubanduka na kuhamia upande wa pili zikiwa na chaji yake. Yawezekana yote matatu yanatokea kwa pamoja.

Sasa kiangazi kinaingiaje? Hewa yenye unyevu huweka utando mwembamba sana wa maji juu ya kila kitu, nguo, kiti, hata ngozi yako. Maji hayo si safi, yana chumvichumvi, na chaji inapita humo kidogo kidogo hadi kupotea. Dar es Salaam hali ndivyo ilivyo karibu mwaka mzima: chaji inavuja kabla haijarundikana. Arusha na Moshi, mchana wa kiangazi, ule utando unakauka na chaji inabaki palepale ilipozaliwa. Ongeza soli ya mpira na kiti cha polista, mtu anageuka ghala. Aliyevaa shati la pamba ana nafuu, kwa sababu pamba hushika unyevu hata siku kavu.

Wanaolijua hili kuliko vitabu ni wagumu wanaobeba mizigo kupanda Kilimanjaro. Kambi za Barafu na Kibo ziko zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya baridi kali haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi. Ukivua sweta la polista ndani ya hema usiku wa manane, kabla ya kuanza safari ya kileleni, unasikia mchakacho mkavu, na mistari ya mwanga wa bluu inakimbia juu ya kitambaa. Hema ni nailoni, mfuko wa kulalia ni nailoni, godoro ni sponji. Hakuna upande wowote ambao chaji ingeweza kupenya kwenda ardhini, kwa hiyo inarukia hewani. Na hewa yenyewe huko juu ni nyepesi: jinsi mgandamizo wa hewa unavyopungua, ndivyo cheche inavyoweza kuruka umbali ule ule kwa volti pungufu. Hata hapa Arusha mjini, mita kama 1,400, hewa ina takriban asilimia 85 tu ya mgandamizo wa pwani.

Waliokaa karibu na mashine za kusaga kahawa Moshi wameuona umeme huu bila kuuita jina. Kahawa iliyokaangwa ikisagwa, unga hautulii. Unang'ang'ania kuta za chombo, maganda mepesi yanarukaruka na kujibandika kwenye plastiki, na ukijaribu kuyapangusa yanahamia kwenye mkono. Kila buni inapovunjika, vipande vinasuguana na kuachana, na kila kimoja kinaondoka na chaji. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba unyevu uliobaki ndani ya buni una uzito mkubwa katika jambo hili, na kwamba kunyunyizia maji kidogo kabla ya kusaga kunaipunguza chaji hiyo sana. Miongoni mwao walikuwemo wataalamu wa volkano, maana majivu yanayorushwa na volkano hupata chaji kwa njia hiyo hiyo, chembe zikivunjika na kugongana, hadi radi zikapiga ndani ya wingu la majivu.

Hadi hapa tumezungumzia chaji iliyokaa. Habari ya chuma inaanza kwa mtu mmoja aliyekuwa mtia rangi vitambaa Uingereza, Stephen Gray. Mwaka 1729 alikuwa na bomba la kioo, akilisugua linapata chaji na kuvuta manyoya. Akagundua kwamba akilifungia uzi wa kufungia mizigo, na mwisho wa uzi akaning'iniza mpira wa pembe ya ndovu, ule mpira nao unavuta manyoya, ingawa haukusuguliwa. Chaji ilikuwa imesafiri. Akiwa na rafiki yake Granville Wheler, wakataka kujua itasafiri umbali gani. Walitandaza uzi ndani ya jumba la Wheler, wakiushikilia kwa nyuzi nyembamba za hariri, na jaribio likafaulu. Gray alidhani hariri imefaa kwa sababu ni nyembamba, chaji haikupata upenyo wa kutorokea. Kisha hariri ikakatika kwa uzito. Wakaweka badala yake waya wa shaba nyeupe wenye wembamba ule ule, wenye nguvu zaidi. Wakasugua kioo, wakasugua tena. Mpira haukuvuta chochote.

Wembamba haukuwa na maana yoyote. Ule waya uliipokea chaji yote na kuipeleka kwenye mihimili ya nyumba, na kutoka hapo ardhini, kabla haijafika kwenye mpira. Wakarudi kwenye hariri, nyingi zaidi, na baadaye wakapeleka chaji zaidi ya mita 200 kwa uzi. Pale ndipo dunia ilipogawanywa mara ya kwanza kati ya vipitishi, vinavyoipa chaji njia, na vihami, vinavyoizuia. Naipenda habari hii kwa sababu uzi ule ulipitisha kwa unyevu wake tu. Kwa viwango vyetu ni kipitishi kibovu kabisa. Ila umeme tuli una volti kubwa na chaji chache, kwa hiyo hata njia mbovu unaitumia. Ndiyo maana ukuta wa saruji, mbao mbichi, hata mwili wa mwenzako, vyote vinatosha kukumaliza chaji, ila polepole, bila maumivu. Ukigusa mlango wa mbao huruki. Ukigusa kitasa chake unaruka.

Kwa nini metali? Ndani ya plastiki kila elektroni ina kwao. Imeshikwa na atomi yake au na kifungo kati ya atomi mbili, na kuing'oa kunahitaji nguvu kubwa. Ndani ya shaba nyekundu, ile ya waya, mambo ni mengine: kila atomi huachia elektroni moja ya nje, na elektroni hiyo haimilikiwi tena na atomi yoyote. Inazunguka kipande kizima. Katika sentimita moja ya ujazo ya shaba kuna elektroni huru zipatazo 85 ikifuatwa na sifuri 21. Plastiki ya kuvalisha waya huzuia umeme kuliko shaba kwa zaidi ya mara bilioni bilioni. Sijui sifa nyingine ya vitu vya kawaida inayotofautiana kwa kiasi hicho kati ya vitu viwili unavyovishika mkono mmoja, waya na ganda lake.

Metali nazo hazilingani. Fedha ndiyo ya kwanza, shaba inaifuata kwa karibu sana, halafu dhahabu, halafu alumini. Chuma kiko mbali nyuma, kinapitisha kama sehemu moja ya sita ya shaba. Alumini inapitisha kama asilimia 60 ya shaba, lakini uzito wake haufiki theluthi moja, kwa hiyo kilo kwa kilo alumini inaishinda shaba. Ndiyo sababu nyaya kubwa za msongo wa juu unazoziona zikivuka mbuga kuelekea Namanga hutengenezwa kwa alumini, na katikati huwekwa nyuzi za chuma kwa ajili ya nguvu ya kuvuta tu.

Hizo elektroni huru hazijatulia. Kila moja inakimbia huku na huko ndani ya shaba kwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, ikigonga na kubadili uelekeo, na kwa kuwa zinaenda pande zote kwa usawa, hakuna mkondo. Unapounganisha umeme, msukumo mdogo unaongezwa juu ya vurugu hiyo, na kundi zima linaanza kusogea upande mmoja. Hapa ndipo wengi hushangaa. Chukua birika la wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230: linavuta ampia karibu 9. Kwenye waya wa milimita 2.5 za mraba, kasi ya kundi la elektroni haifiki mita moja kwa saa. Na kwa kuwa umeme wa majumbani hugeuza uelekeo, mizunguko 50 kwa sekunde, elektroni hazifiki popote. Zinacheza mbele na nyuma ndani ya umbali wa sehemu mbili hivi kati ya elfu za milimita. Elektroni zilizokuwa ndani ya waya wako fundi alipoutandika ukutani, nyingi bado zimo humo humo.

Mbona basi taa inawaka papo hapo? Wachagga wana mifongo, ile mifereji inayoshusha maji kutoka msituni Kilimanjaro hadi mashambani. Mfongo ukiwa umejaa toka juu hadi chini, maji yakisukumwa juu, yanayotoka shambani saa hiyo hiyo ni yale yaliyokuwa yamesimama mlangoni pa shamba. Waya wa shaba ni mfongo uliojaa siku zote. Hausubiri elektroni zitoke kwenye kituo cha umeme zije. Kinachokimbia ni msukumo, na huo unakwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga.

Rudi sasa kwenye mlango wa gari. Umekaa kwenye kiti cha polista, nguo na kiti vimegusana safari nzima. Unaponyanyuka, unaviachanisha, na unaondoka na chaji, soli za mpira zikikutenga na ardhi. Volti kati yako na gari inapanda kadiri unavyojitenga na kiti, inaweza kufika 10,000 bila wewe kuhisi kitu. Unanyoosha kidole. Bati la mlango lina elektroni huru, na zinaitambua chaji yako kabla hujaligusa: kama una elektroni za ziada, za kwenye bati zinasukumwa ndani, na uso wa bati unaoelekea kidole unabaki chanya. Kama wewe ndiye mwenye upungufu, za kwenye bati zinakimbilia usoni kukungoja. Vyovyote vile, pengo la hewa kati ya kidole na bati linabanwa na nguvu ya umeme inayozidi kuwa kali kadiri unavyokaribia. Hewa kavu ya usawa wa bahari huvumilia kama volti 3,000 kwa kila milimita. Ikizidiwa, inapasuka, atomi zake zinaachia elektroni, na kwa kitambo kifupi mno hewa yenyewe inageuka kipitishi. Hiyo ndiyo cheche. Mbao isingeweza kufanya hivi, kwa sababu chaji zake haziwezi kukusanyika upande mmoja kwa haraka hiyo.

Wengine huuliza: gari liko juu ya matairi, halijagusa ardhi, linapokeaje? Kwanza matairi yana kaboni nyeusi ndani ya mpira, yanavujisha chaji kiasi fulani. Pili, hata kama yasingevujisha, bati la gari ni kubwa kuliko wewe, chaji ikimwagika juu yake inatawanyika na volti inashuka.

Na volti 10,000 hazikuui, wakati volti 230 za ukutani zinaua. Hapa ndipo panapotakiwa kutenganishwa msukumo na kiasi. Mwili wa mtu unahifadhi chaji ndogo sana: kwa volti 10,000, ni elektroni kama trilioni 6. Inasikika nyingi, lakini linganisha na zile za sentimita moja ya ujazo ya shaba: haifiki hata moja kwa kila bilioni 10. Nishati yote ya cheche ni kama sehemu 5 kati ya elfu za jouli moja, inayotosha kuinua nusu kilo kwa milimita moja. Mkondo wake unaweza kufika ampia kadhaa, kweli, ila unaisha ndani ya muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na hakuna kinachojaza tena. Ukishika waya wa ukutani kwa mkono uliolowa, mwili wako unaweza kupitisha zaidi ya sehemu moja ya tano ya ampia, na nyuma yake kuna mitambo isiyochoka. Vikata umeme vinavyolinda watu hutegwa vikate kwenye sehemu 30 kati ya elfu za ampia moja, kwa sababu kuanzia hapo moyo uko hatarini.

Dawa ya shoti ya gari ni rahisi. Kabla hujanyanyuka kwenye kiti, shika bati la fremu ya mlango, na usiliachie hadi mguu ukanyage chini. Chaji inaondoka wakati ule ule inapozaliwa, haipati nafasi ya kurundikana. Ukishasahau na umeshashuka, shika ufunguo kwa mkono mzima na gusa gari kwa ncha ya ufunguo. Cheche itaruka kutoka kwenye ncha, na mkondo utaingia kupitia kiganja kizima, nawe hutahisi kitu.

Usidhani lakini kwamba metali haiwezi kukaa na chaji. Inaweza, mradi umeitenga. Sugua kijiko cha chuma kwenye sufu ukiwa umekishika kwa mkono mtupu, hakitavuta karatasi, kwa sababu chaji inapita mkononi mwako. Kifungie mpini wa plastiki, ujaribu tena. Tofauti na plastiki, ambayo chaji hubaki pale ulipoisugua, chaji ya metali hutawanyika, na kwa kuwa chaji za aina moja zinasukumana, zote huishia kwenye uso wa nje. Ndani hakubaki kitu. Michael Faraday alilithibitisha mwaka 1836 kwa kujenga chumba kizima kilichofunikwa kwa metali, akaingia ndani na vipimo vyake huku nje kukirushwa cheche, na vipimo havikutikisika.

Kwa hiyo mvua ya radi ikikukuta njiani kati ya Moshi na Himo, kaa ndani ya gari lenye bati la juu, funga vioo, usishike bati. Mkondo wa radi, kwa kawaida ampia kama 30,000, hupita juu ya bati la nje na kushuka ardhini. Matairi hayana sifa yoyote hapo. Radi iliyovuka kilomita kadhaa za hewa haizuiwi na mpira. Pikipiki ina matairi hayo hayo na haimkingi mtu, kwa kuwa haina bati la kumzunguka. Bati la nyumba lililokaa juu ya nguzo za mbao nalo si kinga ya kutegemea, kwa sababu halina njia ya metali ya kufika ardhini.

Jaribio moja ningependa kila mwalimu alifanye darasani, kwa sababu ni la bure. Laza kopo tupu la soda juu ya meza. Sugua bomba la plastiki kwa kitambaa cha sufu, lisogeze karibu na kopo bila kugusa. Kopo linaanza kubingirika kulifuata bomba, na ukilirudisha nyuma, linarudi. Kopo halina chaji ya ziada hata moja. Elektroni zake zimejipanga upya tu, chaji zinazovutwa zikaja upande wa bomba na nyingine zikakimbilia upande wa mbali, na kwa kuwa zilizo karibu zinavutwa kwa nguvu kuliko zilizo mbali zinavyosukumwa, kopo zima linakwenda.

Mashine ya fotokopi, inayonguruma kila duka la vifaa vya ofisi karibu na vyuo, inatumia mpaka wenyewe kati ya kihami na kipitishi. Ngoma iliyo ndani yake imepakwa kitu ambacho gizani ni kihami na kikimulikwa kinapitisha. Inawekewa chaji pote, kisha inamulikwa picha ya ukurasa wako: pale penye mwanga chaji inapotea, penye kivuli cha herufi inabaki, na unga wa wino unajibandika hapo tu. Chester Carlson alifanikisha wazo hilo mara ya kwanza mwaka 1938, na karatasi ikitoka hadi leo bado ina joto na inang'ang'ania mwenzake.

Jambo ambalo silichukulii kwa wepesi ni mafuta. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa huwashwa na cheche ya kama robo ya sehemu moja ya elfu ya jouli. Cheche ya kidole chako ina mara 20 ya hiyo. Na petroli yenyewe ni kihami, ikipita kwa kasi ndani ya bomba inajitengenezea chaji. Ukilijaza dumu la plastiki likiwa juu ya kiti cha bodaboda, au kwenye pikapu iliyotandikwa turubai, chaji ile haina pa kwenda. Dumu liwekwe chini, juu ya sakafu, mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu muda wote, na kujaza kuanze polepole. Mteja asiingie na kutoka ndani ya gari mafuta yakiwa yanaendelea kuingia, kwa sababu kiti kitamchaji upya. Lori la mafuta likifika kituoni linafungwa kwanza waya wa ethi, unaoshusha chaji ardhini, ndipo mabomba yanafunguliwa. Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kabla ndege haijapewa tone, huunganishwa kwa waya na gari la mafuta, ili vyote viwili viwe na volti moja na cheche isipate pengo la kuruka.

Upande mwingine kabisa wa kipimo yupo fundi simu. Mtu haanzi kuhisi shoti hadi volti zifike kama 3,000. Vijisehemu vilivyo ndani ya simu vinaweza kuharibiwa na volti zisizofika hata 100, kwa hiyo fundi anaweza kuua simu ya mteja kwa kuishika tu, asisikie lolote, na simu ikarudi baada ya wiki ikiwa na ugonjwa mpya. Anayefanya kazi vizuri huvaa mkanda wa mkononi wenye waya unaokwenda ethi. Ndani ya waya huo mna kizuizi cha ohmu milioni 1, na kimewekwa kwa makusudi. Chaji tuli, yenye volti nyingi na elektroni chache, inapita humo na kuisha mara moja. Lakini mkono wake ukiteleza ukagusa waya wa volti 230, mkondo utakaopita mkandani kwenda ethi hautafika hata robo ya sehemu moja ya elfu ya ampia.